Mama Winchi na Pini ya Pembeni

Wengi waliomjua hawakulijua jina lake, na yeye hakuona haja ya kuwaambia. Walimwita Mama Winchi, kwa sababu kwa miaka ishirini na sita alikuwa dereva wa winchi katika ghala la vyuma. Si winchi ya kuvuta gari bovu. Hii ilikuwa ile kubwa inayotembea juu kwa juu, chini ya paa, yenye kibanda cha vioo ambamo dereva hukaa peke yake na vishikio vyake, akinyanyua mafungu ya nondo yenye uzito wa tani tatu na kuyapitisha juu ya vichwa vya watu. Alikuwa mwanamke wa kwanza kupanda ngazi ile. Siku ya kwanza wanaume waliacha kazi wakamtazama, wengine wakisubiri ashuke akilia. Alishuka saa nane mchana, akauliza choo kiko wapi, kisha akapanda tena.

Chini yake alisimama mpiga ishara, mwanamume mwembamba mwenye mikono mirefu kupita kiasi. Wakamwita Mikono, basi, jina likaganda. Kazi yake ilikuwa kumwelekeza dereva: pandisha, teremsha, simama, pole pole. Katika miaka yote hiyo Mama Winchi hakuwahi kusogeza hata fungu moja bila mikono ile kumpa ruhusa, na katika zamu yake hakuumia mtu. Hakuwa mtu wa kujisifu, ila ukiligusia jambo hilo ungeona mgongo wake ukinyooka.

Walipostaafu, ni Mikono aliyemvuta kwenye boling. Palikuwa na ukumbi wenye njia nane katika sakafu ya chini ya jengo la maduka, na kila Jumatano alasiri wastaafu walikuwa na ligi yao, timu za watu watatu watatu. Wa tatu wao alikuwa mwokaji mikate, mama mnene mwenye kicheko cha kujaza chumba, aliyerusha tufe kama anayebwaga gunia la unga. Mchezo wenyewe hauhitaji maelezo marefu. Mwisho wa njia ya mbao zimesimama pini kumi, wewe unalo tufe zito lenye matundu matatu ya vidole, na unarusha mara mbili katika kila mzunguko. Kandokando ya njia kuna mifereji miwili inayomeza tufe lililopotea. Tufe la kwanza hubeba ndoto, la pili hufanya usafi.

Mama Winchi alikuwa bingwa wa usafi. Wengine walipenda pini zote kumi zianguke kwa kishindo. Yeye alipenda ile moja iliyobaki pembeni kabisa kulia, imesimama kama mgeni asiyejua kuaga. Alikuwa akiiangusha mara tisa katika kumi. Mume wake, kinyozi mstaafu, alikuja naye kila Jumatano na kuketi nyuma na gazeti lake. Hakucheza. Alisema hawezi kuvaa viatu vya kukodi vilivyokwisha kuvaliwa na watu mia, naye katika maisha yake ameshaona vichwa vya kutosha kujua miguu yao ikoje.

Mambo yalianza kulegea alipotimiza miaka sitini na minne. Mwanzoni vilikuwa vitu vidogo. Alisimama kwenye mstari na tufe mkononi, akajikuta anasikiliza maongezi ya njia ya pili kuhusu mtu aliyeng'olewa jino. Au alirusha vizuri, akarudi kuketi, akashindwa kukumbuka kama lile lilikuwa tufe la kwanza au la pili mpaka atazame alama kwenye kioo cha juu. Pini ya pembeni ikaanza kumchenga. Mwokaji akamwambia ni viatu. Mikono akasema ni mbao, wamezipaka mafuta mengi mno wiki hii. Watu wema hawakosi kisingizio cha kukupa.

Kisha ikaja Jumatano ya ufagio. Baada ya tufe la kwanza, mashine hushusha ufagio mpana wa chuma kusomba pini zilizolala, na mchezaji husubiri upande juu ndipo arushe tena. Mtoto wa darasa la pili anajua hivyo. Siku hiyo Mama Winchi alichukua tufe lake, akapiga hatua zake nne, akarusha kabla ufagio haujapanda. Tufe liligonga chuma kwa mlio uliowanyamazisha watu wote ukumbini. Taa za njia yao zikazimika. Fundi wa mashine akatoka kule nyuma akijifuta mikono, akatazama, akasema kwa upole kwamba hakijavunjika kitu, ila siku nyingine tungoje kidogo, mama.

Mwokaji alicheka ili kumwondolea aibu. Mikono hakucheka. Yeye peke yake pale ndani alijua maana yake: Mama Winchi alikuwa amesogeza mzigo bila ishara.

Alimaliza mchezo, akavua viatu, akasema magoti yanamsumbua. Jumatano iliyofuata hakwenda. Wala ile iliyofuata.

Jambo lenyewe hasa halikuwa boling. Alikuwa na dada yake mkubwa, aliyekuwa mwalimu wa shule ya msingi kwa miaka thelathini na nane, na ambaye sasa alikuwa akisahau. Mwalimu alianza vivyo hivyo, kwa vitu vidogo: kumsalimia mtu yule yule mara mbili, kutia chumvi juu ya chumvi, kutafuta miwani iliyoko usoni. Watu walicheka, naye alicheka pamoja nao. Miaka mitatu baadaye alikuwa akiishi kwa mwanawe, akitunzwa na mkwe wake, na Jumapili Mama Winchi alipomtembelea aliulizwa mara sita kwa saa moja kama mama yao amekwisha kula. Mama yao alikuwa na miaka kumi na tisa kaburini.

Ndiyo maana mlio ule wa tufe juu ya chuma haukumtoka kichwani. Alianza kujipima. Asubuhi kabla ya kushuka kitandani alitaja mpangilio wa vishikio vya winchi, kushoto kwenda kulia. Jikoni alifunga macho akahesabu sufuria. Mume wake, akitafuta kalamu kwenye droo, alikuta karatasi yenye majina ya wajukuu wa ndugu wote wawili, na mbele ya kila jina alama ya vema au mkato. Aliirudisha karatasi mahali pake, na siku ya pili yake akamwambia kwamba amemwomba daktari nafasi.

"Nafasi ya nini?" akauliza Mama Winchi.

"Ya hayo magoti yako yaliyoko kichwani."

Daktari alikuwa kijana, umri wa mwanawe. Alimpa maneno matano ayashike, akamwambia achore saa inayoonyesha saa tano na dakika kumi, ahesabu kwa kurudi nyuma saba saba kutoka mia. Kisha akamwomba yale maneno matano. Mama Winchi aliyatoa yote, na akamwongezea kwamba saa ya ukutani hapo ofisini iko nyuma dakika nne. Daktari alitazama simu yake, ikawa kweli. Alimweleza kwamba hakuona dalili ya ugonjwa wa dada yake. Kwamba umri hupunguza kasi, na mambo mawili ambayo zamani yalipita mlangoni pamoja sasa yanataka kupita moja moja. Akasema pia kwamba mtu anayejichungulia kutwa nzima kama amesahau, hana nafasi iliyobaki ya kukumbuka.

Mume wake alitoka pale anatembea kama aliyetua gunia. Yeye hakutua. Alisema daktari amempima asubuhi, amekwisha kunywa chai, ukumbini ni jambo jingine. Kwenye boling hakurudi.

Pengine ingeishia hapo. Lakini Jumanne moja mkwe wa Mwalimu alikuwa na safari ya kwenda kumwona mama yake hospitalini, akaomba Mwalimu abaki kwa mdogo wake mpaka jioni. Mwalimu hakutulia. Alizunguka sebuleni, akafungua makabati, akauliza wanafunzi wako wapi. Kufika saa nne Mama Winchi maji yalikuwa yamemfika shingoni. Kinyozi ndiye aliyesema: twendeni mahali penye nafasi, pasipo na kabati. Hakutaja ni wapi mpaka walipofika.

Jumanne asubuhi ukumbi ulikuwa mtupu. Kulikuwa na fundi wa mashine tu na mlinzi wa viatu aliyekuwa akivipulizia dawa. Mama Winchi aliingia shingo upande. Alikusudia waketi tu wanywe soda, lakini Mwalimu aliziona pini kule mwisho wa njia, akauliza zimesimamishwa na nani kwa mstari mzuri namna ile. Akapewa tufe jepesi kuliko yote. Hakutia vidole kwenye matundu. Alilishika kwa mikono miwili, akainama, akalisukuma katikati ya miguu kama mtu anayesukuma ndoo chini ya meza. Lilikwenda taratibu hata ungeweza kwenda nalo sambamba ukiongea nalo. Likafika. Pini saba zikalala, moja moja, kwa adabu.

Mwalimu alipiga makofi. Akarudi, akaketi, akanywa funda la soda. Alipoitwa tena aliuliza kama hii ndiyo mara yake ya kwanza. Wakamwambia ndiyo. Akainama, akasukuma, tufe likaingia mferejini. Alilitazama linavyozama bila uso wake kubadilika, na kabla hajafika kwenye kiti lilikuwa limekwisha kumtoka. Akaitwa tena, akauliza tena kama ni mara yake ya kwanza. Ikawa hivyo saa nzima. Hakuna tufe lililombebesha mzigo wa mwenzake. Lile la mferejini halikuwahi kuwepo. Baadaye moja liliangusha pini tisa, nalo halikuwahi kuwepo pia, na hilo ndilo lililomuuma mdogo wake, kwa maana pini tisa ni jambo la kukumbukwa. Mama Winchi alikwenda msalani, akafungua bomba la maji lipige kelele, akalia. Akaosha uso, akarudi.

Mwalimu alimwambia arushe na yeye. Hakuwa na la kufanya. Alichukua tufe, akasimama mstarini, akatazama pini, na kichwani ukaanza ule ule mchezo: je, ufagio umepanda? Umeangalia? Una hakika umeangalia? Je, ukikosa itakuwa ni mkono au ni kichwa?

"Wewe," dada yake akaita kutoka kitini. Ilikuwa sauti ya darasani, sauti ambayo Mama Winchi alikuwa hajaisikia kwa miaka miwili. "Mbona unasahihisha na hujaandika?"

Mama Winchi aligeuka. Mwalimu alikuwa akimtazama uso wake, kweli akimtazama, kama alivyozoea kuwatazama watoto wa dawati la nyuma.

"Umekunja uso kama mwenye kalamu nyekundu. Andika kwanza. Makosa tutayaona baadaye."

Kinyozi alishusha gazeti. Mama Winchi alisimama pale na tufe lake la kilo sita mpaka mkono ukaanza kuchoka. Kisha akarusha. Hakuziangusha zote, zilianguka nane. Alipogeuka amwambie dada yake kitu, Mwalimu alikuwa anafungua kifuniko cha soda na kukifunga, na aliuliza mama amekwisha kula.

Jioni ile alimpigia simu Mikono. Mikono alimwambia nafasi yake ipo. Kwa wiki saba walikuwa wakicheza wawili na kufungwa kama ngoma. Alipomweleza alichosema Mwalimu, Mikono akamwuliza kama anakumbuka alikuwa akifanya nini kule kibandani kati ya mzigo mmoja na mwingine. Mama Winchi akasema alikuwa kazini, alikuwa makini. Mikono akacheka. Akamwambia yeye alikuwa chini akimwona kupitia kioo: alikuwa anatafuna karanga, anafuma vitambaa, na zamu moja alikata kucha zote kumi. Mzigo ulipofungwa na mikono ikainuka, hapo ndipo karanga ziliwekwa kando na macho yakawa makali. Dakika mbili, tatu. Mzigo ukikaa chini, karanga tena.

"Hakuna mtu anayekaza akili kwa saa nane," alisema. "Ungekaza hivyo, ungetuua."

Mama Winchi hakuwa mtu wa kukubali haraka, na siku kadhaa alibishana na neno hilo peke yake akiosha vyombo. Lakini aliona ukweli wake. Ukumbini alikuwa akifika saa tisa na kukaza akili mpaka saa kumi na moja, bila kupumua, akihesabu alama za timu zote mbili, akijichunga. Alipoitwa kurusha, akili ilikuwa imekwisha kuchoka kama mlinzi wa zamu mbili. Ujana ulikuwa ukimfichia hilo. Ujana hauna hesabu. Humwaga na bado unajaa.

Akaanza upya, kama mtu anayejifunza kutembea baada ya kuvunjika mguu. Kati ya zamu zake alikaa akikipa mgongo kile kioo cha alama. Aliongea na mwokaji habari za chachu na hamira, habari ambazo hazina mwisho. Alipoitwa, alisimama. Alitazama ufagio na kusema kwa sauti, "Umepanda," na hakurudia kuuliza. Alikausha mkono kwa taulo. Alichagua mshale mmoja uliochorwa kwenye mbao, mita nne mbele ya mstari, akautazama huo, si pini. Akatoa pumzi. Hatua nne. Akirudi kukaa, lililopita limepita. Hilo la mwisho ndilo lililomshinda kwa muda mrefu. Wiki ya kwanza alirudi kitini na matufe yote ya siku hiyo mgongoni. Alibadilisha pia tufe lenyewe, akashuka kilo moja, na mzee mmoja wa timu nyingine alipomtania kwamba sasa anacheza na chungwa, alimjibu kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, na chungwa ni tamu.

Mashindano ya kufunga mwaka yalifanyika Jumamosi asubuhi. Kufikia mzunguko wa mwisho timu yao ilikuwa inashindania nafasi ya pili, ingawa Mama Winchi hakujua. Aliona tu kwamba mwokaji ameacha kuongea, jambo ambalo halikuwa la kawaida. Alirusha la kwanza. Zikaanguka tisa. Ikabaki moja, pembeni kabisa kulia.

Alichukua tufe. Ufagio ukapanda, akasema umepanda. Akakausha mkono. Akautafuta mshale wake, na hapo hapo, kama nzi, wazo likaingia: wote wananitazama kuona kama bado ninaweza. Zamani angerusha na wazo hilo hilo mkononi. Safari hii alirudi nyuma, akaliweka tufe chini kwenye reli yake, akasimama. Mtu wa timu ya pili alikohoa. Mikono, aliyesimama karibu na viti, alificha mikono yake mfukoni ili asije akajisahau akapiga ishara. Mama Winchi alikausha mkono tena, ingawa ulikuwa mkavu. Alingoja wazo lipite lenyewe, hakulifukuza. Lilipopita alichukua tufe, akautazama mshale, akatoa pumzi, akaenda.

Tufe lilipita juu ya mshale barabara, likaenda ukingoni kabisa, likapita kando ya pini kwa nafasi ambayo usingeweza kupitisha kidole. Pini ilitikisika kwa upepo wake. Haikuanguka.

Mwokaji alimkumbatia akimpa pole, na ilimchukua muda kutambua kwamba anayemkumbatia hana msiba. Mama Winchi aliwaambia baadaye, kwa maneno machache, kwamba aliiona safari yote ya lile tufe, tangu vidole vilipoliachia mpaka lilipozama nyuma, na kwamba mkono ulipinda kidogo mwishoni, basi. Mkono unaweza kufanyiwa kazi. Wakawa wa tatu. Walipewa saa ya mezani ya plastiki, ambayo Mikono aliichukua kwa sababu wengine hawakuitaka.

Sasa ana miaka sitini na saba. Alama zake zimeshuka kidogo na hazitapanda, na analisema hilo kama mtu anayekutajia saizi ya kiatu chake. Bado husahau mambo. Mwezi uliopita aliacha funguo ndani ya friji, akacheka, ila akaacha kucheka mapema kuliko ambavyo mtu mwingine angeacha. Hofu haikumtoka, ila imejifunza kukaa kwenye viti vya nyuma.

Kila Jumanne, kwa mwaka mzima na zaidi, alimpeleka Mwalimu ukumbini. Ilifika siku Mwalimu hakutambua tena tufe ni kitu cha kufanyia nini. Alilipakata mapajani, akalipapasa, akalifunika kwa mtandio wake. Mlinzi wa viatu aliuliza kama alichukue. Mama Winchi akasema amwachie. Waliketi hivyo, wawili, njia nane mbele yao zote tupu, kinyozi akiwasomea habari za gazeti moja baada ya nyingine, na Mwalimu akisikiliza kila moja kwa utulivu mkubwa, mpaka zikaisha.